Jinsi ya Kutazama Filamu za Kuchemsha Bongo Bila Kupotea Njiani: Mwongozo Kamili

Lalamiko linalonifikia mara nyingi kuliko yote ni hili: mtu ameisikia filamu ikisifiwa, ameitafuta, ameketi kuitazama, na kufikia dakika ya arobaini anamgeukia aliye karibu naye na kumuuliza, "Kwani huyu si alikufa?" Saa ya kwanza ikitimia ameshika simu, na filamu ikiisha anaapa kwamba haina kichwa wala miguu.

Nimeyaona hayo mara nyingi sebuleni kwetu Kibokoni, Mombasa, ambako huwa tunatazama filamu na jamaa siku za Ijumaa baada ya Isha, na siamini kwamba tatizo ni akili. Watu hao hao husoma jina la leso ya jirani aliyepita uchochoroni na wakajua papo hapo limemlenga nani na kwa kosa gani. Kinachowashinda ni mpangilio: wanatafuta jibu wakati filamu bado inawaeleza masharti ya mchezo. Mwongozo huu unaanzia hapo.

## Vitu vya kuandaa

Filamu yenyewe, katika sauti yake ya asili. Zile nakala ambazo dijei amepachika maelezo yake juu ya sauti za wahusika zinachangamsha sana katika filamu za mapigano, nami huzitazama bila haya. Katika filamu za mafumbo zinaharibu kazi, kwa kuwa msimulizi anakufichulia mapema jambo ambalo mwongozaji alilificha kwa makusudi.

Maandishi ya chini ya skrini, hata kama lugha inayozungumzwa unaijua vyema. Neno moja linalonong'onwa linaweza kubeba nusu ya filamu, na pangaboi likiwa linazunguka kwa kasi yote hutalisikia.

Skrini kubwa kadiri utakavyoweza kupata. Runinga ni bora na kompyuta mpakato inatosha. Simu haifai, kwa sababu dalili nyingi huwekwa pembeni mwa picha, nyuma ya anayezungumza, ambako kwenye simu huonekana kama madoa.

Daftari na penseli, umeme wa kutegemewa, na wenzako wasiozidi watatu. Tazama salio la tokeni kabla ya kuanza; stima ikikatika katikati, uzi nao hukatika. Kuhusu chakula, kahawa tungu na kashata vinafaa kwa sababu mkono hufanya kazi peke yake. Viazi vya karai na ukwaju wake vingoje filamu iishe, maana huwezi kuvila bila kuinamisha macho.

## Hatua ya 1: Chagua filamu kwa kufuata ngazi

Wengi hushindwa kabla hata ya kuanza, kwa kuwa huchagua filamu ngumu kuliko zote kwa sababu ndiyo iliyosifiwa kuliko zote. Filamu hizi huvuruga mambo tofauti: nyingine huvuruga mpangilio wa wakati, nyingine huvuruga ushahidi wa wanaosimulia, na nyingine huchanganya ndoto na macho. Anza na inayovuruga jambo moja tu.

Mimi humwanzisha mgeni na *Pumzi* ya Wanuri Kahiu, filamu ya Kikenya ya mwaka 2009 ambayo haifiki nusu saa. Inaonyesha ulimwengu ambao maji yamekwisha na kuota ni jambo la kuzuiwa kwa dawa, na inamwachia mtazamaji mzigo mwepesi wa kuamua mwenyewe kuhusu anachokiona mwishoni.

Baada yake huja *Rashomon* ya Akira Kurosawa, ya mwaka 1950, yenye dakika 88, ambayo huvuruga ushahidi. Inafuata *Memento* ya Christopher Nolan, ya mwaka 2000, ambayo huvuruga wakati. Kisha *Inception* ya mwongozaji huyo huyo, ya mwaka 2010, yenye ndoto ndani ya ndoto na urefu wa dakika 148.

*Onyo:* usisome muhtasari wala kutazama kionjo cha filamu. Kujua kwamba "kuna kitu mwishoni" kunatosha kukufanya uitazame filamu nzima ukimngojea mwizi mlangoni, huku yeye ameshaingia kwa dirisha.

*Utajua umefaulu* ukiweza kusema kabla ya kubonyeza kitufe: "Leo kinachovurugwa ni wakati," au "Leo nitasikiliza mashahidi."

## Hatua ya 2: Tenga muda usiokatika

Jumlisha urefu wa filamu na nusu saa. Simu zikae chumba kingine. Ukitazama vipande viwili, kimoja leo na kimoja Jumapili, akili itakuwa imekwisha kuziba mapengo kwa dhana zake yenyewe, nawe utadhani umeona mambo ambayo hayamo.

## Hatua ya 3: Katika dakika ishirini za mwanzo, tafuta sharti la mchezo

Hii ndiyo hatua inayobeba nyingine zote, na ndiyo inayorukwa. Mwongozaji mwaminifu, hata akiwa mjanja namna gani, hukupa sharti la mchezo mapema. Hukupa kwa picha badala ya maneno, kwa hiyo mtu anayengoja kuelezwa hulikosa.

Chukua *Memento*. Kitu cha kwanza kuonekana ni mkono ulioshika picha ya papo kwa papo, ya aina ile ambayo hutoka kwenye kamera ikiwa nyeupe na sura ikajitokeza polepole. Mkono unaitikisa, kama watu walivyozoea, lakini hapa sura haijitokezi. Inafifia. Inazidi kufifia hadi karatasi inabaki tupu, kisha picha inarudi ndani ya kamera. Hakuna aliyesema neno, lakini umekwisha kuambiwa kila unachohitaji: tunakwenda kinyumenyume, na kumbukumbu ndiyo itakayofutika.

Sharti hilo likikukaa, mengine hufuatana. Sehemu za rangi zinarudi nyuma, kila moja ikiishia pale ambapo iliyotangulia ilianzia. Sehemu za rangi nyeusi na nyeupe zinakwenda mbele kama kawaida. Zinapokezana mpaka zikutane karibu na mwisho.

Sababu ya ugumu huo wote ni kwamba mhusika mkuu hawezi kuhifadhi kumbukumbu mpya, na mpangilio huo unakuweka katika hali yake. Kuna mahali anajikuta anakimbia bila kujua kwa nini. Anamwona mtu mwingine naye akikimbia, anadhani anamfukuza, anageuka kumwelekea, na risasi inapopigwa ndipo anapogundua kwamba yeye ndiye anayefukuzwa. Sisi tuliokaa kwenye mkeka tulicheka, kisha tukanyamaza, kwa kuwa sisi pia tulikuwa tumedhani anafukuza.

Katika *Inception* sharti hutolewa mezani, kwenye mkahawa wa Paris. Mwanafunzi anaambiwa kwamba mtu huwa hakumbuki mwanzo wa ndoto, hujikuta tu katikati yake, kisha anaulizwa walifikaje pale walipoketi. Hana jibu. Swali hilo liandike juu ya ukurasa wako kwa herufi kubwa: WAMEFIKAJE HAPA? Liulize kila mahali panapobadilika, hata pale ambapo filamu inakuhakikishia kwamba watu wako macho.

*Onyo:* usirudishe filamu nyuma katika dakika hizi. Ukikosa jambo, weka alama ya kuuliza kwenye daftari na usonge mbele. Anayerudisha mara ya kwanza hurudisha mara ya kumi.

*Utajua umefaulu* ukiweza kuandika sharti kwa sentensi moja. Liwe kosa, si hoja. Filamu yenyewe itakusahihisha. Usipokuwa na sentensi yoyote, simamisha kwa dakika mbili, waulize wenzako nao wameandika nini, kisha endeleeni.

## Hatua ya 4: Andika maswali, majibu yaache

Gawa ukurasa kwa safu tatu: *Nani kasema*, *Nani kaona kwa macho yake*, na *Nini kimejirudia*. Ukiandika "huyu ni mwongo" dakika ya thelathini, saa nzima inayofuata utakuwa unatetea uamuzi wako, na macho yatachagua yanachotaka kuona. Ukiandika "kwa nini huyu hamtazami mwenzake anapojibu?", macho yanabaki wazi.

Safu ya pili ndiyo iliyoniokoa katika *Rashomon*. Samurai ameuawa msituni, na kisa kinasimuliwa mara nne: na jambazi, na mke wa marehemu, na marehemu mwenyewe kupitia mganga, na mkata kuni. Masimulizi hayo hayapatani. Mtu asiye na daftari hufanya kosa moja kila mara, nalo ni kuamini kwamba kilichoonyeshwa kimetokea. Huoni tukio, unaona kauli ya mtu kuhusu tukio, imevishwa picha. Nilipojaza safu hiyo niligundua kwamba kwa kisa chote nilikuwa nimeandika majina upande wa *kasema*, na upande wa *kaona* palikuwa na nafasi tupu.

Angalia pia mahali ulipowekwa wewe. Mashahidi wanapotoa ushahidi wao wamekaa wanakutazama usoni, na afisa wa baraza haonekani wala hasikiki. Shahidi anajibu swali ambalo hatukulisikia. Kiti hicho ni chako.

Safu ya tatu ijazwe bila kufikiri: rangi, kitu, neno, wimbo, chochote kilichotokea zaidi ya mara mbili. Nusu ya hivyo havitakuwa na maana, na si hoja.

*Onyo:* mistari kumi na mitano inatosha kwa filamu nzima. Binamu yangu mmoja alijaza kurasa sita na hakuona filamu.

## Hatua ya 5: Palipo na tabaka, chora ngazi

Hatua hii ni ya filamu zenye ulimwengu juu ya ulimwengu. Katika *Inception* watu hupotea wakati wa ndoto tatu zilizobebana, ilhali mwongozaji amezitia alama ambazo hata mtoto anaweza kuzifuata: ya kwanza ni mji wenye mvua, ya pili ni hoteli, ya tatu ni milima yenye theluji, na juu ya zote ni ndege ambamo wenyewe wamelala.

Chora vidato vinne na uandike kwenye kila kimoja hali yake ya hewa. Kisha chora mishale, kwa sababu linalompata aliyelala huonekana ndani ya ndoto yake: gari likibiringika katika mji wa mvua, ukumbi wa hoteli unazunguka na watu wanapigana ukutani.

Andika pia mwendo wa saa. Kwa mujibu wa maelezo yanayotolewa ndani ya filamu, safari ya ndege inayochukua muda wa saa kumi ni wiki moja katika ndoto ya kwanza, miezi sita katika ya pili, na miaka kumi katika ya tatu. Ndiyo sababu gari linachukua muda mrefu vile kuanguka kutoka darajani hadi majini. Watu hulalamikia hilo kama mzaha, na kumbe ni hesabu.

*Utajua umefaulu* ukiweza kutaja uko kidato gani ndani ya sekunde mbili baada ya picha kubadilika.

## Hatua ya 6: Filamu ikiisha, nyamazeni dakika kumi

Hili ni gumu kuliko linavyosikika, hasa kwetu ambao hatuwezi kutoka hata msibani bila kutoa maoni. Lakini wa kwanza kusema ndiye anayeamua wenzake wamefikiri nini. Akisema kwa sauti nene "alikuwa anaota tangu mwanzo", wote waliokuwa na wazo jingine hulimeza.

Basi taa iwashwe, kahawa imiminwe, na kila mmoja aandike mambo mawili: tukio moja ambalo hakulielewa, na tukio moja ambalo anadhani lilikuwa muhimu ingawa hajui kwa nini. Hilo la pili mara nyingi ndilo lenye thamani.

## Hatua ya 7: Fanyeni baraza lenye sheria moja

Sheria ni kwamba kila dai litajwe pamoja na tukio linalolishikilia. "Nahisi tu" haikubaliki. "Nahisi, kwa sababu aliposhuka ngazi viatu vyake vilikuwa vikavu na nje kulikuwa na mvua" inakubaliwa.

Sisi tuna urithi mzuri wa kazi hii. Muyaka bin Haji wa Mombasa alitunga mashairi yenye maana ya nje na maana ya ndani, na hadi leo mtu akitaka kueleza fumbo lake hulazimika kuonyesha ni neno gani lililobeba maana aliyoiona. Filamu idaiwe vivyo hivyo.

*Onyo:* msiwe na haraka ya kwenda mtandaoni kutafuta maelezo ya mwisho. Ruhusuni usiku mmoja upite. Maelezo yale mengi huwa ni maoni ya mtu mmoja aliyeyaandika kwa lugha ya hukumu.

*Utajua mmefaulu* kama angalau mmoja wenu amebadilisha mawazo kabla ya kahawa kwisha.

## Hatua ya 8: Itazameni mara ya pili, na safari hii mtazame wanaosikiliza

Ngojea siku tatu au nne. Mara ya kwanza macho hufuata anayezungumza. Mara ya pili yaelekeze kwa anayesikiliza, kwa sababu yule anayejua siri huwa anajisahau wakati si zamu yake kusema.

Hapa nitatoa mfano kutoka *Inception*, na asiyeiona bado aruke hadi kichwa kinachofuata.

Sehemu moja ya filamu hiyo inasemekana iko Mombasa. Mara ya kwanza tulipoitazama, chumba kizima kilisimama. Huyu anauliza hapo ni wapi, yule anasema si Ndia Kuu, mwingine anaapa kwamba milango si ya kwetu. Na ni kweli si ya kwetu: sehemu hiyo ilipigwa Tangier, nchini Moroko. Tulibishana kuhusu milango mpaka ikapita, tukiwa tumeridhika kwamba tumewakamata.

Mara ya pili, tukiwa tumekwisha kujua kwamba pale si kwetu, ndipo tulipoona kilichokuwa mbele yetu. Cobb, mhusika mkuu, anakimbizwa, anaingia kwenye uchochoro, na kuta za pande mbili zinazidi kukaribiana hadi anapita kiubavubavu, akijisukuma kwa mabega, nusura anase. Sisi tuliozaliwa kwenye vichochoro tunajua uchochoro mwembamba ulivyo, na ule ni mwembamba kwa namna nyingine: ni ule ambao watu hukimbilia wakiwa usingizini, miguu ikiwa mizito.

Baadaye kidogo, palepale "Mombasa", anajaribu dawa ya usingizi ya mkemia. Akishaamka anakwenda msalani, ananawa uso, anatoa ile pia yake ndogo ambayo huizungusha kujua kama yuko macho: ikianguka yuko macho, ikiendelea kuzunguka anaota. Anaizungusha, inamponyoka na kudondoka sakafuni, mtu anatokea mlangoni, naye anaiokota bila kumaliza jaribio.

Watu wote hubishana kuhusu pia ya mwisho wa filamu, ambayo picha inakatwa kabla hatujajua kama itaanguka. Mimi hubishana kuhusu pia ya Mombasa. Sidai kwamba inathibitisha lolote, lakini nilipoiweka kwenye safu ya tatu ya daftari, mazungumzo yetu yalihama kutoka "mwisho una maana gani" hadi "ni lini mara ya mwisho tulipokuwa na hakika", na swali hilo la pili ndilo linalokuwezesha kurudi ndani ya filamu ukiwa na kazi ya kufanya.

*Utajua umefaulu* katika kutazama mara ya pili ukikuta jambo lililokuwa wazi tangu mwanzo, ambalo ulilipita kwa kuwa ulikuwa unashughulika na jingine.

## Ukishazoea: filamu isiyokuhurumia

Ukizimaliza hizo nne, jaribu *Primer* ya Shane Carruth, ya mwaka 2004. Ina dakika 77 na ilitengenezwa kwa takriban dola 7,000 za Marekani, kwa hiyo usitarajie milipuko. Ni wahandisi wawili wanaogundua kwa bahati njia ya kurudi nyuma katika wakati, na wanazungumza kama mafundi wanavyozungumza wakiwa kazini, yaani bila kumweleza mpita njia.

Hapa utaratibu unabadilika kidogo. Chora mistari miwili sambamba, mmoja kwa kila mhandisi, na uweke alama kila mmoja wao anapoingia kwenye sanduku la kurudi nyuma katika wakati na kila anapotoka. Mistari itakwenda sawa kwa muda. Kisha utafika mahali ambapo alama hazipatani tena, na hutaweza kusema ni yupi kati ya wale unaowaona aliyeanza asubuhi pamoja nawe.

Andika dakika hiyo pembeni, endelea hadi mwisho bila daftari, ukalale. Kesho yake anza upya tangu mwanzo, na ukifika kwenye dakika uliyoiandika, ongeza mstari wa tatu.